Kuni za Mwalimu Fiorenza

Mwalimu Fiorenza hakuwahi kuzaliwa. Hakuwahi kufundisha, wala hakuwahi kusahihisha daftari hata moja, lakini Januari ile alikuwa na sanamu ya shaba mbele ya shule yangu, na mimi nilikuwa na boila bovu la kupasha darasa joto. Nalisema hili mapema ili msomaji anayependa kukasirika aanze kukasirika nami tangu hapa.

Fiorenza ni mtu wa kitabuni. Alitungwa na Corrado Iacobucci, mtoto wa hapa hapa Castel Sambuco, aliyehamia Roma akiwa kijana na tangu hapo anatupenda sana kutoka mbali. Katika riwaya yake Fiorenza ni mwalimu wa kijiji cha milimani. Hana mume, mchumba wake alifia vitani, na kila asubuhi ya baridi anabeba tita la kuni kutoka nyumbani kwake ili watoto wa wenzake wapate joto. Mwezi wa pili anashikwa na nimonia, anafia kwenye theluji akiwa amekumbatia madaftari. Kitabu kiliuzwa sana. Kiangazi mabasi ya wasomaji yanapanda hadi kwetu, watu wanapiga picha mlango wa shule, wananunua biskuti zenye jina la marehemu, kisha wanateremka wakiwa wamelia vizuri.

Shule yenyewe, ile ya kweli, ni chumba kimoja juu ya ghala la halmashauri. Nina watoto wanane wa miaka sita hadi kumi, nawafundisha wote kwa pamoja: huyu anajifunza herufi, yule anagawanya desimali, na wa katikati anampiga mwenzake rula. Sheria inataka wasipungue wanane. Wakibaki saba, chumba kinafungwa na watoto wanateremshwa bondeni kwa basi, dakika arobaini za kona na matapishi. Mwaka huo wawili walikuwa wanamaliza mwezi wa sita. Wa kuziba nafasi zao walikuwa mapacha wa Rosalba Ferrante, Elia na Noemi, waliokuwa wanatakiwa kuanza darasa la kwanza. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa, tarehe thelathini na moja. Kwa hiyo shule yangu ilikuwa mikononi mwa Rosalba, na Rosalba alikuwa msomaji mkubwa wa Corrado.

Alikuja na mapacha siku ya wazazi kutembelea darasa. Boila lilikuwa limekufa siku ya nne. Watoto wangu walikuwa wamevaa makoti na kofia, wanaandika na glavu, na mwandiko ulikuwa wa kutia huruma.

"Mwalimu, humu mnaishije?" Rosalba akaniuliza.

"Tunaandika haraka haraka. Boila limekufa. Meya anajua."

Akalitazama jiko la kuni pembeni. Jiko lile la zamani la vigae lilikuwa halijawashwa miaka thelathini, lakini halmashauri ililipaka rangi na kuzibua bomba lake la moshi kwa ajili ya wageni wa kitabu.

"Si jiko hilo hapo?"

"Ndilo."

"Na kwako si kuna kuni? Nimepita jana, zimepangwa mpaka dirishani."

"Ninazo. Za kupikia, na za kumkausha mume wangu akitoka kuzoa theluji."

"Haya. Sisemi kitu mimi. Ila yule wa kitabuni angeshaleta."

"Yule wa kitabuni alikufa, Rosalba."

"Si ndiyo maana tunamkumbuka," akasema, bila ubaya wowote, na hapo ndipo aliponichoma. Rosalba si mtu mbaya. Anahudumia wazee kwenye makao yao kule bondeni, anarudi mgongo unamuuma, analea watoto wawili peke yake. "Bondeni darasa lina joto, na mchana wanakula," akaendelea. "Nikiwapeleka kule nitawashusha mwenyewe nikienda kazini. Mimi sitaki makubwa, mwalimu. Nataka kuona tu kwamba anayewafundisha anawapenda."

Nikamwambia anipe siku chache. Mapacha walikuwa wanapuliza hewa wakishindana moshi wa nani mrefu.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa meya. Donato Pallotta na mimi tulisoma darasa moja, kwa hiyo huwa hatuamkiani kwa vyeo.

"Ivana, dada yangu," akasema, "boila ni fungu la matengenezo, na fungu la matengenezo linafunguliwa Machi. Sanamu ni fungu la utamaduni. Haviingiliani."

"Na watoto wanakufa baridi kwa fungu gani?"

"Wewe nawe. Jumapili tunazindua. Corrado anakuja, televisheni ya mkoa inakuja. Sasa hebu fikiria: wakiingia darasani wakute jiko linawaka, watoto wamelizunguka, nje theluji. Kuni unazo. Unataka nini tena?"

"Hapa kwako mbona umekaa na shati tu?"

"Hapa ni ofisi ya umma, bwana. Watu wanakuja."

"Na kule?"

"Kule upo wewe," akasema, akatabasamu kama mtu aliyenisifu.

Niseme kwa nini maneno hayo yalinipandisha mori kuliko yalivyostahili. Nilipokuwa chuoni tasnifu yangu ilihusu walimu wa kike katika riwaya zetu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikadhani nitajisomea sifa za kazi yangu. Nilisoma riwaya zaidi ya hamsini na nikatoka na hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Zile za kale zinamtuma binti maskini kijiji cha mbali, meya anamtamani, majirani wanamsengenya, mwishowe anakufa kwa kifua au kwa aibu. Zikaja za enzi ya mashati meusi ya Mafashisti, akanenepa, akawa mama wa taifa anayelea askari kwa nyimbo. Baada ya vita akapanda baiskeli kwenda kuwafundisha wachungaji kusoma, na waandishi wa wakati huo angalau walimwacha apumue. Halafu wavulana waliokaa dawati la mbele wakakua wakawa waandishi, na walichokumbuka ni miguu yake. Siku hizi ni mwalimu wa mkataba, ana vidonge vya usingizi mkobani na analia kwenye treni. Hata wanawake walioandika, na baadhi yao walikuwa walimu wenyewe, walimpa hasira lakini hawakumpa ushindi. Jamani, wamembadilisha nguo kila baada ya miaka ishirini, na katika riwaya zote hamsini sikumkuta hata mmoja anayedai kitu na kukipata. Corrado, badala ya kusogea mbele, akarudi nyuma kumchukua yule wa kwanza, akampangusa vumbi, na nchi nzima ikalia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wote waliokuwa wananihesabia kuni walikuwa wamekaa penye joto.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba mwalimu halisi wa Corrado yuko hai. Ersilia Colantuono ana miaka themanini na minane, anakaa nyuma ya kanisa, ana mjukuu daktari na ulimi ambao haujachakaa. Kijiji kizima kinajua kwamba Fiorenza ni yeye, na watu wanamwamkia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefufuka. Ijumaa nilikwenda kwake baada ya masomo.

"Wanataka nibebe kuni," nikamwambia.

"Umebeba?"

"Bado. Ila jana nilizitazama muda mrefu."

Akanimiminia glasi ya ile pombe yake chungu ya mizizi. "Kunywa. Umepauka kama Fiorenza."

"Ulimwacha vipi Corrado akuandikie uongo ule? Wewe kubeba kuni."

"Nani kakwambia uongo? Nilibeba. Majira matatu ya baridi, kila asubuhi."

Jibu hilo sikulipenda hata kidogo. Nilikuwa nimekuja kuchukua silaha, na mwenye silaha ananiambia anazo za upande wa pili.

"Mwaka wa kwanza walinishukuru," akasema. "Wa pili walinisalimia. Wa tatu, siku moja nikachelewa, mama mmoja akanisimamia mlangoni, mkono kiunoni, ananiuliza kuni ziko wapi. Mwaka wa nne nikawachukua watoto wote ishirini na sita, nikawapeleka ofisini kwa meya, kulikokuwa na moto. Tukasoma humo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mkokoteni wa kuni ukafika shuleni, na haukukosa tena mpaka nilipostaafu."

"Na Corrado alikuwepo?"

"Alikaa kiti cha karani. Alipata saba kwa kumi ya hesabu humo humo ndani."

"Sasa mbona hakuliandika hilo?"

"Nilimwuliza, binti. Akaniambia halina uzuri."

Akainua glasi yake. "Jumapili wamenipa kipaza sauti," akasema. "Nitawaambia."

Jumapili theluji ilitulia. Bendi ya kijiji ilipiga, turubai likavutwa, na Fiorenza akatokea: mwembamba, shali mabegani, shingo imeinama, tita la kuni mgongoni. Nyuma yake dirisha la darasa langu lilikuwa limeganda barafu kwa ndani. Corrado alisimama karibu na sanamu, mzee sasa, na skafu ndefu. Akamkaribisha Mwalimu Ersilia kwa kumbusu mikono yote miwili.

Ersilia alishika kipaza sauti kama anavyoshika fimbo yake. "Mimi sikufa," akasema. "Nilibeba kuni miaka mitatu, na nilikosea. Kuni za shule si kazi ya mwalimu, ni kazi ya halmashauri. Boila la shule hii limekufa leo siku ya tisa. Sanamu haitoi joto. Mtengenezeeni mwalimu boila lake."

Nikajisemea, haya, leo wamesikia. Kisha mwanamke mmoja mbele akaanza kulia kwa sauti, na mwanamke huyo alikuwa Rosalba, simu mkononi anarekodi. Makofi yakalipuka. Corrado akamkumbatia bibi wa watu mpaka kofia ikaenda upande. "Mnaona?" akawaambia watu, macho yamejaa machozi. "Mpaka leo hajifikirii yeye. Anawafikiria watoto." Donato naye alikuwa anapangusa macho, yeye mwenye boila. Bendi ikapiga tena.

Sikio la kufa halisikii dawa. Ersilia alinishika mkono tukishuka ngazi.

"Nimesema Kiitaliano, au lugha nyingine?" akaniuliza.

Jumatatu saa mbili asubuhi niliwapanga watoto wanane mstari mmoja. Wakubwa walibeba ramani iliyokunjwa, wadogo mikoba yao, mimi ubao mdogo wa kuandikia. Tukavuka uwanja wa kijiji, tukampita Fiorenza, tukaingia ofisini kwa meya bila kubisha. Donato alikuwa anakunywa kahawa.

"Hii ni nini?"

"Shule," nikasema. "Ofisi ya umma, si ulisema? Watu wanakuja. Vueni makoti, watoto."

"Ivana, usinifanyie hivi. Nina kikao."

"Kaa hapo pembeni, hutatusumbua. Nyinyi wa darasa la tano, desimali, mezani kwa bwana meya."

Asubuhi nzima watu waliokuja kutafuta vyeti walitukuta kwenye imla, na niliwasubirisha mpaka nukta. Mzee mmoja aliyefuata kibali cha kukata mti alikaa akaandika imla nasi, akakosea mara nne. Donato alivumilia saa moja na nusu. Kisha nikamsikia kwenye simu, kwa sauti ndogo, anamwomba fundi aje leo leo. Fungu la utamaduni na fungu la matengenezo, ambayo yalikuwa hayajuani tangu dunia iumbwe, yalifahamiana mara moja. Jumatano asubuhi mabomba ya darasani yalianza kunguruma, na saa nne watoto walikuwa na mashati tu.

Nilifurahi, nasema wazi. Nilitembea kijijini kifua mbele. Nilipita kwa Ersilia nikamwambia, naye akanipa mkono kama wanaume wanavyopeana wakimaliza biashara.

Kumbe Jumatatu ile Corrado alikuwa bado yupo, amelala kwenye nyumba ya wageni inayotazama uwanja. Alituona dirishani. Alhamisi makala yake ikatoka gazetini, karibu ukurasa mzima, na mume wangu Nicola akanisomea mezani huku supu inapoa.

"'Mwalimu mwembamba na mpweke,'" Nicola akasoma, akanitazama. Nina kilo themanini na mbili, na mpweke mwenzangu ndiye huyo aliyekuwa ananisomea.

"Endelea."

"'Alivuka theluji akiwa amembeba mdogo kuliko wote, na begani tita la kuni alizozitoa nyumbani kwake. Fiorenza hajafa. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuwapa, aliwapa watoto joto lake mwenyewe.'"

"Tita gani? Ulikuwa ubao!"

"Hapa anasema tita. Na unakohoa. Kuna mahali umekohoa." Nicola alikuwa anacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Ofisi ya meya haikuwemo kabisa. Imla haikuwemo, boila halikuwemo. Meya alikuwemo, mwishoni, ameshika mlango huku analia.

Usiku nilishindwa kutulia, nikaandika masahihisho, mistari kumi na mmoja, ya kupeleka gazetini na nakala ya kubandika dukani kwa mwoka mikate. Niliyaandika kama ninavyosahihisha insha: kosa, kisha kilicho sahihi. Ijumaa nilikwenda nayo shuleni mkobani.

Siku nzima Rosalba hakuonekana. Watoto waliondoka mchana, nikabaki mbele ya kompyuta, maana wazazi wengi wa hapa hawapendi kujaza fomu za mtandaoni na huja kujazia kwangu. Saa mbili usiku mtandao wa usajili ungefungwa wenyewe. Niliangalia orodha ya mwaka ujao mara nyingi kuliko inavyofaa: majina sita. Saa kumi na moja jioni mlango ukafunguliwa. Rosalba alikuwa bado na sare ya kazini chini ya koti, na mkononi ameshika ukurasa wa gazeti umekunjwa mara nne.

"Mwalimu, nisamehe," akasema kabla hajakaa. "Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba ulizileta. Nilikuja hapa kukusema mbele ya watoto wako, na wewe hukunijibu hata neno."

Nilikuwa nimemjibu maneno mengi tu. "Rosalba, sikiliza. Mambo hayakuwa hivyo. Mimi nilikwenda kwa Donato, nika..."

"Basi, usiseme. Hata Mwalimu Ersilia alikataa sifa Jumapili. Nyinyi watu mko hivyo. Leo kazini nimewasomea wazee ukurasa wote, bibi mmoja wa miaka tisini amelia. Nikawaambia, huyo ndiye atakayewafundisha wanangu."

Mabomba yalikuwa yananguruma nyuma yangu. Wala hakuyasikia. Mkoba wangu ulikuwa juu ya meza, umefunguka, barua ya masahihisho inaonekana. Ningemsomea mistari ile kumi na mmoja ingechukua dakika moja, na Rosalba si mjinga, angeelewa. Angeelewa kwamba hapa kuna mwalimu mnene mwenye mume, aliyegombana na meya mpaka akapewa boila, basi. Joto bondeni lilikuwepo tangu mwanzo. Na chakula cha mchana. Na mama angewashusha watoto mwenyewe akienda kazini. Kitu pekee nilichokuwa nacho mimi, ambacho bondeni hawakuwa nacho, ni uongo wa Corrado.

Nilifikiri majina sita kwenye kioo cha kompyuta. Nilifikiri basi, na kona, na mwanafunzi wangu mdogo wa darasa la kwanza ambaye hutapika hata kwenye gari la baba yake.

Rosalba alikuwa ananitazama mabega. "Zilikuwa nzito?" akaniuliza taratibu.

"Si sana," nikasema.

Nikamsogezea kiti, nikamwonyesha pa kuandika. Akaanza na Elia, kisha Noemi.